Masomo ya jioni kuhusu ini: vipindi vinne katika kartie ya Bel-Air, Lubumbashi

Miezi kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya mji huu ambayo sitaitaja, tulimpokea mama aliyekuwa amepoteza damu nyingi sana baada ya kujifungua. Shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka kwa muda mrefu kabla hajafika kwetu. Tulimtundikia maji, tukapata mifuko ya damu, mfuko wa uzazi ukakaza, na kufikia asubuhi alikuwa anaongea na kuomba chai. Sote tuliamini kwamba hatari imepita. Siku ya pili majibu ya maabara yalionyesha kwamba transaminasi zake, yaani vimeng'enya vinavyovuja kutoka katika seli za ini zilizoumia, zimepanda hadi maelfu, na ubishi ukazuka wodini: mmoja alisema ni homa ya ini ya virusi, mwingine akalaumu dawa za kienyeji ambazo mama mkwe alidhaniwa kumpa, na mama mkwe huyo, aliyekuwa amekesha sakafuni karibu na kitanda, akaondoka akilia. Mgonjwa alipona. Lakini hakuna aliyemwomba mama mkwe radhi, nami sikuwa na maneno ya kueleza kilichokuwa kimetokea.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nilipe dola 20 kuhudhuria masomo ya jioni yanayotolewa kwa wauguzi, wakunga na wanafunzi wa tiba wa miaka ya mwisho, katika ukumbi mdogo wa kukodi kartie ya Bel-Air, komini ya Kampemba. Masomo ni vipindi vinne vya saa mbili mbili, na mada yake ni moja tu: ini linafanyaje damu inapokatika, na linafanyaje damu hiyo inaporudi. Wanaofundisha ni wawili, daktari wa upasuaji na mwalimu wa biolojia ya seli. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaojiuliza kama inafaa kutoa fedha hizo na kupoteza jioni nne baada ya zamu. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila kuna mambo mawili ambayo ni lazima waandaaji wayarekebishe, na moja kati yake ni zito.

Kipindi cha kwanza sitakisemea sana. Kinakumbusha mambo ambayo wengi wetu tuliyasoma tukayasahau: kwamba ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwamba linapokea takriban robo ya damu yote ambayo moyo unasukuma mtu akiwa amepumzika, na kwamba damu hiyo huingia kwa njia mbili. Karibu robo tatu yake huja na mshipa wa lango, ikitoka katika utumbo na bandama, na tayari imekwisha kutumiwa oksijeni yake kwa sehemu. Inayobaki huja na ateri ya ini, ambayo ingawa ni ndogo huleta karibu nusu ya oksijeni. Walileta ini zima la mbuzi kutoka sokoni, wakaingiza mrija katika mshipa wa lango na kupitisha maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu, nasi tukaona rangi ikienea kama maji ya mvua yanavyotafuta mifereji. Kisha wakafunga tawi moja kwa uzi, na upande ule ukabaki na rangi yake ya kahawia. Ni onyesho zuri. Linafundisha mishipa tu, kwa maana seli za ini hilo zilikuwa zimekufa tangu machinjioni, na ninawasifu walimu kwa kulisema hilo wazi badala ya kutuacha tudhani tumeona zaidi ya tulichoona.

Jambo moja la kipindi hicho lililonigusa ni mpangilio wa seli zenyewe. Seli za ini hujipanga katika safu kuanzia pale damu inapoingia hadi kwenye mshipa mdogo wa katikati inapotokea. Seli zilizo mlangoni hupata oksijeni ya kwanza, na zilizo karibu na mshipa wa katikati hupata masalio. Shinikizo linaposhuka, hizi za mwisho ndizo zinazokufa kwanza. Niliposikia maneno hayo nilimkumbuka mama yule, na nikaelewa kwamba ini lake lilikuwa na njaa ya oksijeni kwa muda wote ambao sisi tulikuwa tunahangaikia mfuko wa uzazi.

Kipindi cha pili na cha tatu ndivyo vinavyostahili malipo. Mwalimu wa biolojia alianza na seli iliyokatiwa damu. Alitueleza kwamba seli haina ghala la ATP, ile sarafu ya nguvu inayoendesha kila kazi ndani yake. Huitengeneza na kuitumia papo hapo, na oksijeni ikikosekana mitokondria, yaani viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, husimama na ATP hushuka ndani ya dakika chache. Seli hujaribu kuishi kwa kuvunja sukari bila oksijeni, njia ambayo huipa nguvu kidogo na kuiachia asidi ya laktiki, hivyo uchachu huongezeka. Pampu zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu hukosa nguvu, sodiamu hubaki ndani, maji huifuata, seli huvimba. Kalsiamu, ambayo kwa kawaida hufungiwa mbali, hutapakaa na kuviamsha vimeng'enya vinavyokula tando za seli. Haya yote tungeweza kuyasoma kitabuni. Ambacho sikuwahi kukisoma mahali popote kwa Kiswahili ni kwamba ndani ya giza hilo seli hujilimbikizia vitu ambavyo vitakuwa hatari baadaye. ATP iliyovunjika huacha masalio yanayoitwa haipoksanthini, na suksineti, ambayo ni kiungo cha kawaida katika mzunguko wa nishati, huongezeka sana katika mitokondria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature ulionyesha kwa panya kwamba suksineti hiyo, oksijeni inaporudi, huunguzwa kwa kasi kubwa kiasi kwamba mnyororo wa mitokondria unaopitisha elektroni husukumwa kinyumenyume na kumwaga radikali huru za oksijeni, yaani molekuli kali zinazoharibu seli.

Hapo ndipo daktari wa upasuaji alipoleta mfano wake wa umeme. Kila mtu Lubumbashi anajua, alisema, kwamba friji haiungui umeme unapokatika. Inaungua umeme unaporudi kwa kishindo. Ukumbi mzima ulikubali, kwa sababu hakuna nyumba ambayo haijapoteza kifaa kwa njia hiyo. Mfano huo unashikika haraka, lakini kwa maoni yangu una kasoro, kwani friji iliyozimika haijilimbikizii kitu chochote gizani, ila seli hujilimbikizia. Aliyeurekebisha alikuwa mkunga mmoja wa makamo aliyekaa mstari wa nyuma, kwa mfano wa mbabula, yaani jiko la makaa, ambayo huku tunayaita makala.

"Dokta," alisema, "mimi naona ni kama mbabula. Ukiyafunika makala kwa majivu, moto unaonekana umekufa. Lakini makala bado yapo, na joto bado lipo. Ukipepea kwa nguvu ghafla, cheche zinaruka mpaka kwenye pazia."

Daktari alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Ni kweli, Mama. Suksineti ndiyo makala, na oksijeni ndiyo upepo. Tangu leo nitafundisha kwa mbabula."

Tangu siku ile nami ninautumia mfano huo. Nilimkuta mama mkwe wa yule mgonjwa siku ya chanjo ya mtoto, nikakaa naye kwenye benchi na kumweleza habari ya makala na upepo. Alielewa kabla sijamaliza, nikamwomba radhi kwa niaba yetu sote.

Kipindi cha tatu kinahusu kurudi kwa damu, na ndicho kilichonibadilisha namna ya kufanya kazi. Wazo kwamba kurudi kwa damu kunaweza kuongeza uharibifu si geni: mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake, wakichunguza mioyo ya mbwa, waliona kwamba misuli iliyokatiwa damu kisha ikarudishiwa ilionyesha dalili za kufa kwa kasi zaidi. Mwalimu alilichambua jambo hilo kwa upande wa ini hatua kwa hatua. Katika dakika za kwanza radikali huru hutoka ndani ya mitokondria zenyewe. Uchachu uliokuwa umejengeka, ambao kwa namna ya kushangaza ulikuwa unailinda seli, husafishwa na damu mpya. Uchachu unapokwisha huku kalsiamu ikiwa imejaa, tundu fulani katika utando wa mitokondria hufunguka, nguvu hupotea kabisa, na seli hupasuka. Nilikuwa na tabia ya kuuona uchachu kama adui kila mahali, na nilihitaji kuelezwa mara mbili kabla ya kukubali kwamba kwa seli iliyo katika dhiki unaweza kuwa kinga ya muda.

Baada ya hapo zinaingia seli za Kupffer, walinzi wanaokaa ndani ya njia ndogo za damu za ini, zinazoitwa sinusoidi. Kwa saa chache za mwanzo walinzi hawa humwaga radikali huru na sitokini, ambazo ni ujumbe wa kuita msaada. Msaada unaoitwa ni nyutrofili, chembe nyeupe za damu, ambazo huja kwa wingi katika saa zinazofuata na kuendeleza uharibifu hata siku ya pili, kwa kuwa hazitofautishi vizuri seli iliyokufa na jirani yake aliye hai. Wakati huohuo kuta za sinusoidi huvimba, vitu vya kubana mishipa huongezeka na vile vya kuilegeza hupungua, hivyo sehemu nyingine za ini hubaki bila damu ingawa mshipa mkubwa umekwisha kufunguliwa. Katikati ya maelezo hayo umeme ulikatika, na mwalimu aliendelea kuchora ubaoni kwa mwanga wa simu tatu ambazo wanafunzi walizishika juu, hakuna aliyetoka.

Maelezo haya yaliyafungua majibu ya maabara ya mgonjwa wetu kama ufunguo unavyofungua kufuli. Katika ini lililokosa damu kwa sababu ya mshtuko, transaminasi hupanda haraka sana ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi zaidi ya mara 20 ya kiwango cha kawaida, kisha hushuka haraka vilevile mzunguko wa damu ukiwa umetengemaa, na kurudi karibu na kawaida katika wiki moja au siku chache zaidi. Homa ya ini ya virusi kwa kawaida haiendi kwa mwendo huo. Tungejua hivyo, tungetazama saa ya kushuka kwa shinikizo kabla ya kumtazama mama mkwe.

Daktari wa upasuaji alionyesha pia jinsi wapasuaji walivyojifunza kuishi na tatizo hili. Mwaka 1908, James Hogarth Pringle wa Glasgow aliandika jinsi ya kuzuia damu ya ini lililopasuka kwa kubana kwa vidole kifungu chenye mshipa wa lango na ateri ya ini. Njia hiyo bado inatumika, ila leo wengi hubana kwa vipindi: dakika 15 za kubana, dakika 5 za kuachia, kisha kubana tena, kwa sababu ini huvumilia vipande vifupi kuliko kipande kimoja kirefu. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwa mbwa kwamba moyo uliokatiwa damu kwa vipindi vinne vya dakika 5 huvumilia vizuri zaidi mkato mrefu wa damu wa dakika 40 unaofuata. Baadaye wapasuaji wa Zürich walijaribu jambo kama hilo kwa ini la binadamu, dakika 10 za kubana na 10 za kuachia kabla ya upasuaji wenyewe, na kuona vimeng'enya vikipanda kwa kiasi kidogo kuliko kwa wagonjwa ambao hawakufanyiwa hivyo. Alisisitiza kwamba ini lenye mafuta huvumilia vibaya kuliko ini lenye afya, na hapo alizungumza kwa uchungu kuhusu vijana wanaokunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila jioni, kisha wanaletwa na majeraha ya barabarani. Ini lao linaingia kwenye dhiki likiwa tayari limechoka.

Sasa nije kwenye kasoro, nikianza na ile nzito. Walimu walisema mara nyingi, na kwa ufasaha, kwamba kurudi kwa damu huumiza. Walisema mara moja tu, tena kwa haraka mwishoni mwa kipindi cha tatu, kwamba bila kurudi kwa damu seli zote zitakufa. Nilipotoka nje nilimsikia mwanafunzi mmoja akimwambia mwenzake kwamba huenda ni vizuri kutoharakisha kumwongezea damu mgonjwa aliyetokwa na damu, ili kulinda ini lake. Nilimvuta kando na kumwambia kwamba hilo ni kosa linaloua. Kila dakika ya ziada bila damu huongeza makala chini ya majivu; uharibifu wa wakati wa kurudi hukua kadiri mkato ulivyokuwa mrefu, kwa hiyo kinga ya kwanza ya mgonjwa wetu ni kufupisha mkato wenyewe. Mwanafunzi yule hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa nusu ya jambo kwa sauti kubwa na nusu nyingine kwa mnong'ono. Waandaaji wanapaswa kuiandika ubaoni siku ya kwanza ile sentensi kwamba bila kurudi kwa damu seli zote zitakufa, na kuiacha hapo hadi siku ya nne.

Kasoro ya pili ni kipindi cha nne. Karibu saa moja na nusu ilitumika kwa upandikizaji wa ini na mashine za kulihifadhi. Sidharau habari hizo. Ni kweli kwamba mpasuaji wa Marekani Thomas Starzl alijaribu upandikizaji wa kwanza wa ini la binadamu huko Denver mwaka 1963 na kufanikiwa kupata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja kwa upasuaji wa 1967. Ni kweli kwamba kimiminika kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin katika miaka ya 1980 kiliwezesha ini kukaa kwenye barafu kwa saa nyingi zaidi. Na nilifurahi kujifunza kwamba katika baridi zinazoumia kwanza ni seli za kuta za sinusoidi, ilhali katika joto la mwili zinazoumia zaidi ni seli za ini zenyewe. Majaribio ya Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2018, ambayo yaliyaweka maini katika mashine yenye damu ya joto la mwili badala ya sanduku la barafu, na kupunguza kwa nusu dalili za kuumia, yanaendana na tulichofundishwa kuhusu upole wa kurudisha oksijeni. Lakini mimi narudi wodini kesho asubuhi, na wodini kwangu hakuna mashine hiyo. Kuna mama aliyetokwa damu, mtoto mwenye malaria kali, kijana mwenye selimundu ambaye chembe zake zilizopinda zinaziba njia ndogo za damu, na mchimbaji aliyeletwa kutoka kwenye shimo lililoporomoka.

Kwa wagonjwa hao tulipewa dakika 20 tu, na zilikuwa dakika bora za kipindi hicho. Tuliambiwa kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa tiba ya ini lililokosa damu; tiba ni kurekebisha chanzo, kurudisha mzunguko wa damu na oksijeni, na kuliepushia ini mizigo mingine, ikiwemo dozi kubwa za parasetamoli. Tuliambiwa tupime sukari mara kwa mara, kwa kuwa ini lililojeruhiwa vibaya hushindwa kutoa sukari yake na mgonjwa anaweza kuzimia usiku bila mtu kujua sababu. Hapo nilitaka kuuliza mengi, na muda ukawa umekwisha.

Karatasi tunazopewa, kurasa 18 zilizopigwa fotokopi, zimeandikwa kwa Kifaransa huku mafunzo yakitolewa kwa Kiswahili, jambo ambalo halikunisumbua mimi lakini liliwasumbua wakunga wawili waliokaa karibu nami. Mchoro wa sinusoidi umetoka mweusi kiasi kwamba seli za Kupffer hazionekani. Ukurasa mmoja unasema kwamba transaminasi zikishuka ini limepona. Hilo linahitaji kusahihishwa, maana zinaweza kushuka pia kwa sababu seli zilizobaki za kuvuja ni chache, na mtu anayetaka kujua ukweli atazame pia muda wa damu kuganda, bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo) na akili ya mgonjwa. Nilimwonyesha mwalimu wa biolojia ukurasa huo. Alishukuru, akaandika kwa kalamu pembeni mwa nakala yake, na kuahidi kwamba kundi litakalofuata litapata karatasi iliyosahihishwa.

Kwa anayetaka kujiandikisha: ukumbi una viti 30 na hujaa mapema, kwa hiyo fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwenye uwezo wa kuhudhuria vipindi viwili tu achague cha pili na cha tatu. Mtakapofika cha nne, ombeni kwa pamoja, mwanzoni kabisa, kwamba waanze na mgonjwa wa kitandani na kuziacha mashine ziwe za mwisho. Sisi tulichelewa kuomba. Mimi nimelipa tena kwa ajili ya wauguzi wawili wa zamu yangu, na yule mkunga wa mbabula ameniambia kwamba atarudi pia.